Bibi Harusi Aliyevuka kwa Raba

Mkulima mmoja wa chai katika milima ya Rungwe, jina lake Ambakisye, alikuwa na binti wa pekee, Tusekile, muuguzi wa zahanati. Tusekile alipenda raba. Kwa raba nyeupe alipanda vilima kwenda kuchanja watoto, na Jumapili alizisugua kwa sabuni akaenda nazo kanisani, gauni juu, raba chini. Baba yake hakupendezwa. Kwake raba zilikuwa viatu vya watoto wa shule. Mtu mzima alipaswa kuvaa kitu kinachogonga sakafu mpaka watu wageuke. Aliona aibu kimyakimya, na aibu ya namna hiyo hukaa muda mrefu.

Ikaja siku ya harusi. Shangazi yake, Subilaga, alikuwa amemletea kutoka mjini viatu vya mchuchumio vya rangi ya dhahabu, na Ambakisye alipomwona binti yake amevivaa, alishukuru moyoni.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Magari yalipofika mtoni, daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Kanisa liko ng'ambo, juu ya kilima, na bwana harusi alikuwa humo akingoja. Vijana walikuwa wamelaza magogo juu ya mto, nayo yalikuwa yanateleza. Tusekile akashuka. Kisigino kikazama topeni. Akakichomoa, akapiga hatua nyingine, akaanguka kwa magoti na gauni lake jeupe. Watu wakaanza kunong'ona kwamba harusi iahirishwe. Ambakisye alimtazama mwanawe pale chini.

Tusekile akainuka, akaomba begi la nguo alizokuwa akihamia nazo kwa mumewe, akatoa raba zake. Shangazi akamshika mkono.

"Bibi harusi kwa raba? Watu watasema nini?"

"Waseme, shangazi," akajibu, "mradi waseme nikiwa nimeshafika."

Maneno hayo yakamwingia Ambakisye kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Yeye, na suti yake mpya, akapiga magoti kwenye tope, akamfunga binti yake kamba za raba kwa mikono yake mwenyewe, akazikaza vizuri. Kisha akampa mkono. Wakavuka, baba akiyumba, binti akimshikilia. Nyuma yao Subilaga alivuka peku, viatu vyake kwapani.

Ng'ambo walisimama wanawake waliozijua zile raba, maana zilikuwa zimefika milangoni mwao watoto wakiwa na homa na njia haipitiki. Walipoziona chini ya gauni la harusi wakapiga vigelegele, wakatandika khanga zao juu ya tope mpaka mlango wa kanisa. Ambakisye alipanda kilima kile kifua mbele. Hakuna mfalme aliyepata kumsindikiza binti yake kwa fahari kama ile.

Mpaka leo mabibi harusi wa upande ule huvaa raba nyeupe, hata kiangazi, barabara ikiwa kavu kabisa. Wageni hudhani ni mtindo tu.

Nawe uliyejipamba leo, umejipamba ili utazamwe ukiwa umesimama, au ili ufike unakoitwa?