Msala wa Liwali

Hivi wewe, umewahi kwenda kwenye usaili, shati umelinyoosha, vyeti umevipanga, ukakuta kiti cha kazi kimeshawekewa koti la mtu ambaye hata hajaamka? Basi tulia unisikilize, maana mchezo huo haukuanza jana.

Palikuwa na Liwali mmoja, Nasoro bin Kombo, mwenye tumbo la kutangulia na usingizi wa kuchelewa. Alitaka jambo moja: safu ya kwanza msikitini, nyuma ya imamu, pawe pake. Sawa, tuseme anapenda ibada. Lakini kuwahi hataki! Kila Ijumaa, alfajiri, mtumishi wake hutangulia kumtandikia msala pale, msala wa Kiajemi wenye mashada, na bwana mwenyewe hugeukia upande wa pili akakoroma. Hotuba ikishaanza ndipo huingia, akiruka mabega ya watu kama anavuka matuta ya viazi.

Na palikuwa na Shaame. Huyu alisoma fikihi, akasoma nahau, akasoma mirathi, mpaka walimu wakamwambia, ya akhi, elimu imekwisha, nenda zako. Aende wapi? Kila kazi ya ukarani aliyoomba ilikuwa imeshatandikiwa msala wa mpwa wa mtu. Akabakiwa na mama mzee wa kumtekea maji, mkeka wa ukindu, ndimi tatu, na makali katika zote.

Ijumaa moja Shaame akawahi. Akaukuta msala, mwenyewe hayupo. Akaukunja kwa adabu, akauweka kando, akasali rakaa zake mbili za kuamkia msikiti, akaketi. Msikiti ukajaa tele.

Khatibu yuko juu ya mimbari, Liwali huyo!

"We! Ondoka hapo!"

Shaame kimya.

"Nakwambia wewe! Kiziwi?"

Shaame macho mimbarini. Mtoto yeyote wa chuoni anajua: hotuba ikisomwa, hata kumwambia mwenzio "nyamaza" ni upuuzi. Liwali akarudi alikotoka, akasali mlangoni, akisujudu baina ya makubadhi ya watu.

Salamu zilipotolewa tu, Shaame akakamatwa, akapelekwa barazani kwa Kadhi Mbarouk, ambaye, na hili mlijue, pilau ya Ijumaa huila kwa Liwali. Shitaka: kunyang'anya nafasi na kumdharau mkubwa. Adhabu inayotakiwa: ahamishwe mji. Na mama yake je? Nani anauliza!

Liwali akaanza. "Kwa nini hukunijibu?"

"Ningekujibu, bwana, ningeipoteza Ijumaa yangu. Yako ilikuwa imeshapotea. Nikaona hasara ya mmoja inatosha."

Baraza likakohoa. Unakijua kile kikohozi cha watu wanaoogopa kucheka.

"Pale ni pangu! Msala wangu umefika alfajiri, wewe ungali kitandani!"

"Wallahi kweli, ulinitangulia. Sheikh Kadhi, si tumesomeshwa kwamba anayewahi saa ya kwanza ya Ijumaa ni kama aliyechinja ngamia, na wa mwishomwisho ni kama aliyetoa yai?"

"Ndivyo," akasema Kadhi.

"Basi ngamia ni wa msala. Bwana Liwali kaingia khatibu keshapanda, hata yai kalikosa. Sasa nimpongeze msala, au nimpe pole mwenyewe?"

"Usinichezee, we mla mihogo! Msala wangu ni mimi! Ulipo msala wangu, nipo mimi. Ulipoukunja, ulinikunja mimi!"

"Hata ukiwa kitandani?"

"Hata nikiwa kitandani! Kadhi, pitisha hivyo!"

Kadhi akalitazama baraza. Akaifikiria pilau. Akasafisha koo.

"Baraza limeridhia. Msala wa mtu ni mtu mwenyewe, fulstopu. Na wewe, Shaame bin Haji, uwe umeuhama mji huu kabla ya Magharibi."

"Nimesikia, Sheikh, na nimetii."

Shaame akauchukua mkeka wake wa ukindu aliotoka nao msikitini, akautandaza miguuni pa Kadhi, akaunyoosha pembe, akaupangusa vumbi.

"Huyo hapo. Mchukueni."

"Nani?"

"Shaame bin Haji. Msimpige sana njiani, ana tundu ubavuni. Mimi nakwenda kumtekea mama maji."

"Pumbavu! Huu si mkeka?"

"Ndiyo, Sheikh, na hukumu ni yako, mimi nimeikuta tu. Basi nyinyi wenye mihuri, semeni sasa hivi, watu wanasikia: ama muuhamishe mkeka wangu, ama kuanzia Ijumaa ijayo mwenye kutaka nafasi aje mwenyewe!"