Nguchiro na Jina la Mwenye Mto

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzako, palikuwa na bonde lenye mto mmoja. Wanyama wa bonde hilo walikuwa na nyumba, majiko na masufuria kama sisi. Walikuwa na baraza pia, na katika baraza hilo wenye pembe tu ndio walioruhusiwa kutoa shauri mbele ya Malkia Tembo.

Na kulikuwa na desturi moja. Shauri lako likikubaliwa likawa amri, tangu siku hiyo bonde zima lilikusalimu kwa jina la amri yako. Kifaru aliwahi kushauri kwamba kila mtoto afungwe gome la mkuyu mkiani ili asiharishe. Amri ikapita. Basi kila alikokwenda, "Shikamoo, Mwenye Gome!" Naye, "Marahabaaa!"

Nyati akaona hawezi kupitwa. Akashauri kila nyumba ipige sufuria alfajiri ili maradhi yakimbie. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Bonde zima likawa halilali. "Shikamoo, Mwenye Sufuria!" "Marahabaaa!"

Na watoto je? Watoto waliendelea kuharisha vile vile, na magome yao mkiani.

Sasa nawaletea Nguchiro. Mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Bi Nguchiro hakuwa na pembe, na jambo hilo lilimkera kila siku ya Mungu. Alikuwa na kijicho, tusimfichie. Akisikia "Shikamoo, Mwenye Gome," roho ilimuuma hadi chakula hakishuki. Akibaki peke yake nyumbani, alijiinamia juu ya mtungi, akajisalimu mwenyewe majini: "Shikamoo, Mwenye... Mwenye nini mimi? Mwenye nini?"

Mtungi ulinyamaza kimya.

Siku moja Mama Kobe, ambaye ndiye aliyemlea Nguchiro tangu akiwa kichanga, alimwita kwa sauti ya kukatika. Kitinda mimba wake, Kibibi, alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani, tumbo linaendesha tangu juzi. Gome alikuwa nalo, ingawa mkia wenyewe ni wa kutafutwa.

"Mwanangu," Mama Kobe akasema, "nimefunga gome. Nimepiga sufuria mpaka limetoboka. Nifanye nini tena?"

Nguchiro alipotoka nje alianza kuuliza. Hodi nyumba hii, hodi nyumba ile. "Mtoto ameamkaje? Anakula nini? Maji mnateka wapi?" Akina mama walichoka naye. Wakimwona akija, walijifanya wanafagia.

Hakuchoka. Kidogo kidogo akaona jambo. Mto ule ulianzia juu, Majabalini, kwenye mawe makali. Ukishuka, ulipita kwenye dimbwi la matope ambamo Kifaru na Nyati walikuwa wakigaagaa mchana kutwa. Chubwi! Pwaa! Humo humo waliogea, na humo humo walijisaidia. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Chini ya dimbwi ndipo wadogo wote walipoteka maji ya kunywa.

Wachache wenye miguu ya kupanda, Pelele, Mbuzi Mawe na jirani zao, walikuwa wakiteka Majabalini. Watoto wao walikuwa wazima, wanacheza. Walioteka chini, watoto wao hoi. Na wote, wa juu na wa chini, walifunga gome na kupiga sufuria sawasawa.

Nguchiro akaruka. "Nimelipata! Nimelipata!" Na msidhani alimfikiria Kibibi kwanza. La. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa: "Shikamoo, Mwenye Mto!"

Akaenda barazani mbio, akapenya katikati ya kwato za wakubwa.

"Malkia! Maradhi yako majini! Wakubwa wahamishe dimbwi, wakagaegae chini ya mahali tunapoteka!"

Kifaru akacheka. Ho! Ho! Ho! Nyati akacheka. Bwahaha! Hata watumishi wakacheka, na hawakujua wanacheka nini.

"Pembe zako ziko wapi, Bi mdogo?" Kifaru akauliza.

"Sina pembe, Bwana. Nina niliyoyaona."

"Niliyoyaona!" Nyati akamwigiza. "Hao wanaopanda Majabalini wana nguvu. Watoto wao wazima kwa sababu wazazi ni wazima. Nenda zako."

Malkia Tembo alikuwa amesinzia. Akafumbua jicho, akalifumba.

Nguchiro akatoka mkia chini, uso unawaka. Sufuria! Sufuria ndilo linapata jina, na yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba anafukuzwa! Alilia njia nzima. Lakini neno la Nyati lilimwingia pia, maana halikuwa la kipumbavu. Je, kama ni nguvu za wazazi tu?

Akarudi kuuliza. Na mvua zikamsaidia, maana mawe ya Majabalini yaliteleza, akina Pelele wakashindwa kupanda, wakateka chini kwa siku chache pamoja na wengine. Nguchiro akapita: hodi! Watoto wa Pelele hoi. Hodi! Watoto wa Mbuzi Mawe hoi, wazazi wao na nguvu zao zote. Mvua zikakatika, wakapanda tena, watoto wakapona.

"Ni maji," Nguchiro akasema. "Sasa hapana shaka."

Akapanda Majabalini mwenyewe, akamtekea Kibibi kibuyu. Kibibi akapata nafuu. Lakini kibuyu kimoja kwa nyumba ngapi? Na Mama Kobe na wenzake wasioweza kupanda waendelee kuuguza watoto? Kesho yake kibuyu kilipoisha mapema, Kibibi akanywa ya mtoni, na tumbo likaanza upya. Akalegea kuliko mara ya kwanza. Mama Kobe hakulia tena. Alikaa tu karibu na mkeka, na hilo lilimtisha Nguchiro kuliko kilio.

Nguchiro akaketi nje ya mlango, akiwaza barazani atarudije. Hapo akapita Nyati. Pelele akamsalimu, "Shikamoo, Mwenye Sufuria!" Kifaru alikuwa ng'ambo ya njia, na Nguchiro akamwona usoni. Midomo imekazwa. Sikio linachezacheza. Anatazama pembeni, naye anasikiliza kila neno.

"Alaa!" Nguchiro akasema polepole. Uso ule anaujua. Ndio uso wake mwenyewe, anauona mtungini kila siku.

Hakupoteza muda. Alimkuta Kifaru dimbwini, matope hadi shingoni.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Aa, basi. Kama hujasikia, mimi si wa kupeleka maneno."

"Sema, wewe!"

"Ni Bwana Nyati. Kwenye baraza lijalo atashauri dimbwi lihamishwe chini. Akikubaliwa, ataitwa Mwenye Mto."

Pwaa! Kifaru akaibuka. "Mwenye nini?"

"Mwenye Mto, Bwana. Mto mzima. Gome, samahani, litasahaulika."

"Lakini alikucheka! Tulikucheka wote!"

"Alicheka ili wewe usilichukue. Mjanja yule."

Kifaru akakoroma. Akalitazama dimbwi lake. "Na mimi nigaegae wapi?"

"Kule chini, Bwana. Matope ni yale yale. Bwana Nyati ameshakubali kuhama."

"Amekubali kuacha dimbwi? Kwa ajili ya jina?"

"Kwa ajili ya jina."

"Basi nitasema mimi kwanza!" Kifaru akapiga kwato. "Lakini akinibishia? Nitamjibu nini?"

Nguchiro akamweleza yote, pole pole, mara mbili, maana kichwa kile kilikuwa kizito. Nyumba za juu na nyumba za chini. Gome kwa wote. Kisha mvua, na watoto wa akina Pelele. Kifaru akayakariri huku jasho likimtoka.

Kutoka hapo, mbio kwa Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Nimekuja kukupa pole."

Mnajua yaliyofuata. Safari hii hata hakusema uongo.

Siku ya baraza, Malkia hajakaa vizuri, wote wawili wakasimama kwa pamoja. Tifu! Vumbi.

"Malkia, nina shauri!"

"Mimi ndiye nina shauri! Dimbwi lihamishwe chini!"

"Hilo ni langu! Mwizi!"

"Mwizi wewe!"

Malkia Tembo akafumbua macho yote mawili, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Tangu nikalie kiti hiki sijawaona ninyi wawili mkikubaliana."

"Hatukubaliani, Malkia!" wakanguruma pamoja. "Ni shauri langu!"

"Basi nijue lenyewe ni la nani. Mnajuaje kwamba maradhi yako majini?"

Swali hilo halijawahi kuulizwa katika baraza lile. Gome halikuulizwa. Sufuria halikuulizwa. Sasa Kifaru akavuta pumzi, akamwaga: nyumba za juu watoto wazima, nyumba za chini watoto hoi!

"Na wote walifunga gome," Nyati akadakia, "kwa hiyo gome si kitu!"

"Na wote walipiga sufuria," Kifaru akajibu, "kwa hiyo sufuria nalo si kitu!"

"Lakini wanaopanda ni wenye nguvu," Malkia akasema.

"Mvua, Malkia!" wakapaza sauti, wakisukumana mabega. "Mvua ilipowashusha nao waliugua! Wakapanda tena, wakapona!"

Nguchiro alisimama nyuma, nyuma kabisa, kati ya miguu ya watu. Kila neno lilikuwa lake. Alilitafuta kwa miguu yake, mlango kwa mlango, akifungiwa na kufagiliwa vumbi usoni. Na sasa linatoka kwenye midomo ile iliyomcheka, na watu wanatikisa vichwa, "Aisee, wakubwa wana akili!" Wivu ulimpanda kifuani hadi meno yakagongana.

Malkia akainua mkonga. "Mmesema vizuri. Lakini aliyeyajua haya alipita nyumba kwa nyumba. Nani alipita?"

Kifaru akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Kifaru. Kisha wote wawili, taratibu, wakageuka kumtafuta Nguchiro. Pelele naye akamtazama. Bonde zima likageuka.

Mimi! Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mimi, Malkia, ni mimi! Hebu fikirini, wanangu. Jina lake lilikuwa pale, la kusema tu. Lakini aliona pia uso wa Kifaru, jinsi ulivyoanza kuvimba kwa aibu. Akisema, wakubwa wale wataumbuka mbele ya watu. Watageuka. Wataungana kulikana shauri lao wenyewe, dimbwi litabaki pale pale, na Kibibi yuko mkekani.

Akalimeza neno lile. Akalimeza tena, maana halikushuka.

"Wao, Malkia," akasema. "Wote wawili. Niliwaona."

"Naam!" Kifaru akasema haraka.

"Naam, nilipita sana!" Nyati akasema.

Malkia akamtazama Nguchiro kwa muda mrefu. Kama alijua, hakusema. "Dimbwi lihamishwe leo hii," akaamuru. "Na wote wawili mtaitwa Wenye Mto."

"Wote wawili?" Kifaru akalalamika.

"Na yeye?" Nyati akalalamika.

Wakarudi nyumbani wamenuniana, lakini dimbwi walilihama. Kila mmoja alimlinda mwenzake asilirudie, akakesha na kukodoa macho, kazi ambayo askari wa Malkia wasingeiweza. Mto ukatulia, ukawa safi. Akina mama wakateka pale pale walipozoea. Kibibi akakaa, akasimama, akaanza kumsumbua mama yake, na Mama Kobe ndipo alipolia.

Siku moja Nguchiro alikuwa mtoni na Kibibi wakiteka maji. Kifaru akaja, kifua mbele.

"Shikamoo, Mwenye Mto," Nguchiro akasema. Jina lilimkwaruza koo likitoka.

"Marahabaaa! Unateka maji? Vizuri. Ngoja nikueleze jambo, maana ninyi wadogo hamwelewi mambo haya. Maradhi, Bi Nguchiro, hutoka majini."

"Kumbe!"

"Ndiyo. Kuna nyumba za juu na nyumba za chini. Unanifuata?"

"Nakufuata, Bwana."

Akaeleza yote, mwanzo hadi mwisho, na mvua akaikosea. Nguchiro aliikunja midomo asimrekebishe. Roho ilimuuma, iliuma kweli, wala msisikilize anayewaambia kwamba iliacha kuuma. Pembeni yake Kibibi aliinamisha kichwa, akanywa glu-glu-glu mpaka maji yakamtiririka shingoni, akacheua, akacheka.

"Umeelewa sasa?" Kifaru akauliza.

"Nimeelewa, Bwana," Nguchiro akasema. "Asante kwa kunifundisha."

Nanyi, wanangu, shikeni hili: ukitaka wakubwa wautumie ukweli ulioutafuta wewe, uwe tayari kuwasikia wakiuita ukweli wao.