Kiboko Mwenyekiti na Mpira wa Kidole Kimoja

Paukwa.

Pakawa.

Ikija na mvua?

Tutajifunika nguo moja.

Na atakayesinzia?

Alowe peke yake.

Hapo kale wanyama walikuwa na chama cha gofu. Msiniulize kwa nini. Mwenye shibe akikosa kazi huupiga mpira kwa fimbo, kisha akaufuata. Mwenyekiti wao alikuwa Kiboko, tumbo mbele, haya nyuma. Penye shimo la mwisho palikuwa na kilima, na ndani ya kilima alikaa Fuko na mkewe na watoto wao wachanga.

Kiboko akakitaka kile kilima. "Nitakichimbua, niweke dimbwi langu la kuogea."

"Watoto wangu watalala wapi, mzee?"

"Cheza nami siku ya mashindano ya chama. Ukishinda, baki. Ukishindwa, hama siku hiyo hiyo. Na nitakutazama miguu, usije ukanichimbia chini kwa chini."

Siku ikafika, na mvua nayo ikafika. Shaa, shaa. Bendera zikalala. Wanachama wakajibanza chini ya migomba wakitetemeka, lakini nani aseme turudi, na Mwenyekiti hajasema? Mwamuzi alikuwa Korongo, amesimama kwa mguu mmoja.

Kiboko akapiga, pwaa, mpira ukaenda mbali, ukaingia kichakani. Fuko akapiga, ti, mpira ukaenda karibu, umenyooka. Kufika shimoni, mpira wa Kiboko umebaki kidole uingie.

"Okota, Mwenyekiti," Fuko akasema. "Huo tuuhesabu umeingia."

Kiboko akauokota kwa mdomo, hupu.

Wa Fuko nao umebaki kidole. Fuko akanyoosha mkono.

"Nani kakwambia uokote?" Kiboko akauliza. "Ukiokota bila ruhusa yangu, shimo ni langu. Mwamuzi, sivyo?"

"Ndivyo sheria ilivyo," akasema Korongo.

"Basi piga."

Fuko akapiga. Ti, chubwi.

Shimo la pili vivyo hivyo. "Okota, Mwenyekiti." Hupu. "Wewe piga." Ti, chubwi.

Shimo la tatu vivyo hivyo. "Okota, Mwenyekiti." Hupu. "Wewe piga." Ti, chubwi.

Mkewe Fuko, aliyekuwa akiwafuata nyuma, akamvuta pembeni. "Baba watoto, mbona unamgawia? Mwenzio hakupi hata kidole."

"Namlisha."

"Unamlisha nyumba yetu."

"Tulia, mama."

Wakaenda hivyo mpaka shimo la mwisho, na mpaka hapo walikuwa sawa kwa mashimo. Radi ikapasua mti ng'ambo, kwaa. Maji yakaanza kuingia mlangoni kwa Fuko, na watoto wakasikika chini ya ardhi, wii, wii. Fuko alikuwa amekwisha kuuingiza mpira wake, lakini kwa mapigo mengi. Kiboko alikuwa na machache, na mwenye machache ndiye mwenye shimo, na mpira wake umebaki kidole kimoja. Akiugusa tu kwa fimbo, kilima chake.

Wanachama wote wakamtazama Fuko. Fuko akakwangua tope kwenye fimbo yake, taratibu, kama anayekwangua ukoko wa sufuria. Hakusema neno.

Kiboko akili yake ilikwisha kuingia dimbwini. Akainamisha kichwa. Hupu.

Korongo akashusha mguu wa pili. "Mwenyekiti, nani kakwambia uokote?"

"Huyu hapa."

"Mimi sijasema kitu," akasema Fuko.

"Umesema kila shimo."

"Kule nilisema, mzee. Hapa nilikuwa bado nafikiri."

Kiboko akautema mpira. "Ni kidole kimoja. Hata mtoto angeuingiza."

"Angeuingiza," Korongo akasema, "kwa sababu angeupiga. Shimo ni la Fuko."

Kiboko akawageukia wanachama wamtetee. Walikuwa wamelowa mpaka mifupa kwa ajili yake tangu asubuhi. Kila mmoja akaona afadhali aitazame mvua. Akashika njia ya mtoni, plachu, plachu, na fimbo akaiacha pale pale.

Fuko hakungoja pongezi. Aliingia chini na mkewe, wakaziba mlango kwa udongo, watoto wakanyamaza.

Fundisho lake, wajukuu: mkubwa ni wa kuheshimiwa. Msimnyime kitu. Fuko hakumnyima Kiboko hata mara moja.

Ngano yangu imefika mlangoni. Ikiwa nzuri, ikaribisheni. Ikiwa mbaya, ifungieni nje na mbwa.