Bi Lubaba na Zamu ya Maji

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde moja la Yemen aliishi mjane mchamungu, Bi Lubaba binti Harith, mwenye kishamba cha mitende walichorithi wanawe mayatima.

Mumewe alipofariki, wenye mashamba waligawana zamu yake ya maji. Walisema mwanamke hasimami mferejini na jembe. Subhanallah! Mitende ikaanza kukauka, na jirani yake, tajiri Jabala, akawa anangoja ife ili ainunue ardhi kwa bei ya kutupa.

Lakini ilikuwapo ada ya zamani. Kila alfajiri msimamizi wa mfereji humwita mwenye zamu mara tatu. Asipoitika, maji hupewa aliyepo pale na jembe mkononi. Basi Bi Lubaba akawa kila akimaliza sala ya alfajiri hubeba jembe, akaenda kusimama. Kila siku mwenye zamu huitika, naye hurudi mikono mitupu.

Jabala alimcheka mbele za watu. "Ewe mjane, unamngoja nani afe?"

"Simngoji afe," akajibu. "Namngoja alale."

Miezi ikapita, mitende ikazidi kunyauka. Bibi yule hakuacha. Ndipo Jabala akamwoza binti yake, watu wakala, wakanywa, wakakesha. Asubuhi yake ilikuwa ya baridi kali, na zamu ilikuwa ya Jabala. Msimamizi akaita, kimya. Akaita tena, kimya. Kisha akasita.

"Jabala ni mtu mkubwa. Tumsubiri kidogo."

"Mimi umenisubiri lini?" akasema Bi Lubaba. "Mwite mara ya tatu kama ada inavyotaka, kisha umche Mwenyezi Mungu."

Msimamizi akatahayari. Akaita, hakuitika mtu, akafungua maji.

Jabala alifika mbio, kilemba mkononi, akamkuta bibi amezama matopeni hadi magotini, maji yameenea shamba zima. "Nirudishie maji yangu! Umebahatika tu, huna lolote!"

Bi Lubaba hakuacha kulima. "Naam, nimebahatika. Bahati ilikuita kwa jina lako mara tatu, ewe Jabala, nawe umelala. Mimi haikuniita hata mara moja, ila ilinikuta nimesimama. Tone moja sirudishi."

Alfajiri iliyofuata alikuwa mferejini tena, jembe begani. Msimamizi akastaajabu. "Mama, si umeshapata?"

"Kwani mitende yangu haitaona kiu tena? Ita mwenye zamu, baba."

Wanasema siku hiyo wanaume wote waliwahi.

Enyi ndugu zangu, msiniambie riziki imeandikwa. Najua imeandikwa, na ninaamini. Lakini nani kakwambia wewe imeandikwa uletewe kitandani? Amka, bwana, ukasimame.