Mikono ya Muuza Rangi

Anayekuuzia rangi, mwangalie mikono.

Mmelisikia neno hilo leo asubuhi kwa Bibi Somoe, mkacheka. Nimewaona. Kijana wa watu kaja mlangoni na unga wake wa kuhifadhia mahindi, na Bibi Somoe, badala ya kuuliza bei, anapapasa hewani mpaka anamshika vidole. Mkagongana mabega mkisema bibi kizee anatafuta mchumba. Sasa mnataka kujua usemi ule ameutoa wapi. Kaeni basi. Ulizaliwa hapa hapa kijijini, mbele ya macho yangu. Na sauti yangu ikipanda msiniambie nitulie, kwa maana kwa jambo hili sijatulia hata leo.

Zamani hizo sisi wanawake wa Nyamwimbe tulijulikana kwa mikeka. Rangi tulijitengenezea wenyewe. Nyeusi tuliipata katika mizizi ya mdaa, na njano tuliipata katika manjano ya kupikia. Njano yetu ilikuwa ya upole. Ikikaa juani inafifia, na wanunuzi wa mjini walianza kuikunjia pua.

Tena tulikuwa na namna yetu ya kusuka. Ninyi ukindu mnauchovya katika bakuli la maji. Sisi tuliupitisha midomoni. Unaubana kwa midomo, unaulowesha kwa mate ulainike, unausuka, kisha unachukua mwingine. Mama zetu walitufundisha hivyo, na kwa rangi ya mizizi hakukuwa na ubaya wowote.

Ndipo akaja Bwana Ngwali. Alikuwa amefanya kazi mjini katika kiwanda cha ngozi, na huko alipata pipa la unga wa njano wa kutilia rangi ngozi za viatu. Ubavuni pa pipa palikuwa pamekwanguliwa mpaka bati likang'aa. Hatukuuliza palikuwa pameandikwa nini. Tuliutazama unga tu. Ukidondosha kidogo katika sufuria ya maji ya moto, maji yote yanawaka kama ua la alizeti, na ukindu uliotoka humo haufifii kwa jua wala kwa mvua.

Alitupimia kwa kijiko kirefu, akitufungia katika vipande vya magazeti. Na kila alipopima, alivaa glavu nene za mpira zilizofika viwikoni, na kitambaa amejifunga puani. Jua linawaka, jasho linamtiririka shingoni, glavu havui.

Tulimtania sana. Bi Tatu, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alimwambia, "Bwana Ngwali, umepakwa hina nini leo? Mbona unajificha kama bibi harusi?"

"Mke wangu hapendi mikono michafu," akajibu.

"Ana bahati huyo! Mimi wangu hata asiponawa, nashukuru akirudi nyumbani."

Tukaangua kicheko. Lakini Bi Tatu alikuwa ananyonyesha wakati ule, akamuuliza tena bila mzaha, "Haina madhara lakini? Maana sisi ukindu tunautia mdomoni."

"Bibi wee, hata ukiikoroga kwenye uji utapata uji wa njano tu, utashiba na utalala."

Yashikeni maneno hayo. Aliyasema pua yake ikiwa imefunikwa.

Basi tukapika rangi katika sufuria zile zile za ugali. Tukavuta mvuke wake. Tukasuka, na midomo yetu ikawa ya njano, haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Na tazameni ujinga unavyovaa nguo nzuri: midomo ile ikawa sifa! Msichana mwenye midomo ya njano aliitwa mchapa kazi. Washenga walikuja kutazama midomo kabla ya kuuliza tabia. Wasiojua kusuka walijipaka kwa siri.

Kisha vikaja vidonda vya mdomo, na kichwa kuuma, na mikono kuchubuka. Mtoto wa Bi Tatu akaanza kutapika. Tukasema ni kijicho cha vijiji vya jirani, tukachoma ubani. Bwana Ngwali alipokuja tulimweleza, naye akatikisa kichwa kwa huruma, akasema joto la mwaka huu ni kali. Akatupimia tena.

Somoe alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, na katika Nyamwimbe hakukuwa na vidole kama vyake. Alikuwa amechumbiwa, na alikuwa anasuka mkeka wa harusi yake mwenyewe. Siku hiyo alifungua kifurushi cha unga juu ya sufuria inayochemka. Upepo ukageuka. Unga wote ukampiga usoni, macho yakiwa wazi.

Alipiga ukelele ambao nausikia hadi sasa. Tulimkimbilia. Bi Tatu akamkamulia maziwa ya kifua machoni, kama tulivyozoea kumfanyia mtoto mwenye macho mekundu, kisha tukamfunga kanga, tukamlaza gizani. Mtungi wa maji ulikuwa pale pale, umejaa. Hakuna aliyeukumbuka. Asubuhi kope zilikuwa zimevimba mpaka hazifunguki, tukambeba kwenda zahanati.

Nesi alikuwa mama mkali. Alipomfungua ile kanga, akatugeukia. "Kwa nini hamkumwosha? Maji! Maji mengi, papo hapo, mnamwagia tu bila kuacha, ndipo mnamleta mbio! Na kopo la dawa hii liko wapi? Nitamtibuje mtu aliyeunguzwa na kitu kisicho na jina?"

"Tunapimiwa katika gazeti," nikamjibu.

"Na huyo anayewapimia, yeye anaishikaje?"

Tukatazamana. Jibu tulikuwa nalo siku zote, tena tulikuwa tumelicheka.

Somoe alirudi nyumbani na macho yaliyofunguka, lakini yalikuwa kama dirisha lililopakwa chokaa. Aliona mwanga na kivuli, basi. Watu wa mchumba walituma salamu za pole, na baada ya salamu hawakutuma kitu kingine.

Bwana Ngwali alipotokea tena na pipa lake, wanawake walikuwa wamekusanyika uwanjani. Mimi nilikuwa nimeshika mchi. Somoe akaniambia, "Weka chini, dada. Nipeleke tu karibu naye."

Nikampeleka. Akanyoosha mkono kama anayetaka kumwamkia, naye kwa mazoea akampa wake. Somoe akaushika, akaupapasa taratibu, kutoka vidoleni mpaka kiwikoni.

"Bwana Ngwali, mkono huu mbona hauna ngozi?"

"Ni glavu, binti. Pole sana, nimesikia habari za macho."

"Zivue."

"Za nini tena?"

"Nimesema zivue! Umesema haina madhara. Mimi sioni, lakini wenzangu wanaona."

Watu walikuwa wamemzunguka. Akavua. Mikono ilikuwa laini, safi, kucha nyeupe, kama mikono ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Somoe akainua mikono yake juu, nasi sote tukainua yetu. Mikono ya njano, iliyopasuka, yenye kucha zilizokauka, uwanja mzima.

"Ninyi mnaoona," Somoe akasema, "mlikuwa mnatazama rangi. Mbona hamkuitazama mikono yake?"

Bi Tatu akachovya ukindu katika sufuria ya rangi iliyobaki, ukatoka unachuruzika. Akampelekea mdomoni. "Haya, baba. Bana kwa midomo kama sisi. Uji wa njano tu huo."

Akarudi nyuma, amekaza midomo. Bi Tatu akamfuata. "Bana!"

"Jamani, mimi nina watoto!"

Ah! Nina watoto! Wajukuu zangu, nimeishi miaka mingi na nimetukanwa na wengi, lakini sijawahi kusikia tusi kama lile. Bi Tatu alikuwa na mwanawe mgongoni, shavu limeingia ndani kwa kutapika. "Na huyu ni nini?" akamuuliza. "Ni boga?"

Mmoja wetu akalikimbilia pipa alimwage mtoni. Somoe akapiga kelele, "Mto huo ndio tunaokunywa! Lisiguswe. Alilileta yeye, atalibeba yeye." Bwana Ngwali akainama kuziokota glavu, tukadhani atazificha. Somoe alisikia mpira ukisuguana. "Vaa," akamwambia. "Vaa, utembee nazo. Kila kijiji utakachopita, watu wakuone."

Tukamsindikiza na pipa lake begani mpaka kwa afisa wa afya. Wanawake wa njiani walitoka milangoni, na kila mlango tuliwaambia neno lililotoka kwa Somoe: anayekuuzia rangi, mwangalie mikono. Serikali ikalichukua pipa. Yeye alifungwa muda mfupi tu, akatoka, akarudi kwa watoto wake. Mikono yake mpaka leo ni mizima, naamini. Mtoto wa Bi Tatu alipona. Macho ya Somoe hayakurudi.

Mkeka wake aliumaliza kwa kupapasa, kwa manjano ya jikoni, kwa bakuli la maji. Ndio huo mliokalia. Umefifia, ndiyo. Mnalala juu yake na mnaamka wazima.

Sasa turudi kwa kijana wenu wa asubuhi. Mlikuwa mnamtazama Bibi Somoe, mkicheka. Mimi nilikuwa namtazama kijana. Alipoguswa vidole alivuta mkono haraka, na nikaziona glavu zimechungulia mfukoni mwake. Tena alisema unga ule hata mtoto akiulamba hauna neno. Gunia lake ameliacha barazani, amesema kesho atarudi kutupimia.

Msiliguse gunia lile. Kesho akija mwende ninyi mnaoona, mmwambie avae glavu zake na alibebe, na safari hii asiwepo wa kucheka. Anayekuuzia rangi, mwangalie mikono.