Weka Msasa Chini

Kulikuwa na mama mmoja fundi cherehani, na usinitazame hivyo, Mama Minza, si wewe. Wewe unatushonea sare za kwaya na tunakushukuru. Huyu ni wa mfano tu. Aliishi hapa hapa Mwanza, upande wa mlimani, kwenye mawe yetu haya ambayo wageni huyapiga picha na sisi huyapanda tukihema.

Mama huyu alikuwa na kijana wake mmoja, na kijana akaoa binti wa Tanga. Harusi ilikuwa nzuri, watu walikula wakasaza. Bibi harusi akaletwa nyumbani kwa mama mkwe, wakae pamoja mpaka kijana amalize kujenga. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Binti alikuwa na kosa gani? Niwaambie. Alitia nazi. Alitia nazi kwenye maharage, alitia nazi kwenye mchicha, na siku moja, wapendwa, alimtia nazi sato. Sato wa ziwa hili, aliyetoka majini asubuhi ile ile. Mama akala kimya, na kimya cha mama mkwe mnajua kina kelele kiasi gani. Tena binti alikuwa akiimba alfajiri akifagia uwanja. Tena alichukua mkasi wa mama akautundika ukutani kwenye msumari, wakati mama kwa miaka ishirini na sita mkasi wake anauweka chini ya kitambaa anachoshona.

"Nilitaka kukusaidia, mama," binti akasema.

"Nani alikuomba?" mama akajibu.

Lakini lililomshinda kabisa lilikuwa gari. Binti huyu alikuwa na gari la rimoti. Mzee Bulugu, usicheke, sikiliza kwanza. Si gari la mtoto. Ni yale magari madogo yenye urefu wa mkono mmoja, yanayopanda mawe polepole, na watu wazima wenye kazi zao na heshima zao hukutana Jumamosi mlimani kuyashindanisha. Gari la binti lilikuwa likikwama kila mara kwenye jiwe la tatu. Vile vipete vya plastiki vinavyoshika ekseli vilikuwa vimelika, magurudumu yakawa yanayumba. Basi jirani yao, fundi baiskeli, akamchongea vipete vipya vya shaba. Mafundi wanaviita bushi. Ekseli inapita katikati, bushi inaishika, gurudumu linazunguka bila kuyumba. Hakuna zaidi ya hapo.

Mama alipomkuta mke wa mwanawe ameketi kibarazani na bisibisi, magurudumu manne yamepangwa juu ya kanga, akaona yametosha. Akampigia simu kaka yake, mjomba wa yule kijana.

"Jumapili njoo, tuna kikao. Hawa wakapange chumba kwingine. Mimi na huyu binti hatuendani."

Mjomba akauliza, kwani amekaa muda gani?

"Miezi mitatu. Na miezi mitatu inamtosha mtu kujulikana."

Kuta za nyumba zetu mnazijua. Binti alikuwa jikoni anakuna nazi, akasikia kila neno.

Ikaja Alhamisi ya wiki hiyo. Mchana, mama yuko kibarazani kwenye cherehani yake, binti yuko mkekani upande wa pili na gari lake. Hawasemeshani. Binti alikuwa ameshaziingiza bushi zake mahali pake, moja moja, kwa kuzibana taratibu kwenye vaisi, kile chuma cha kubania, ya yule fundi baiskeli, na kibao juu yake zisije zikapinda. Nyundo hakuigusa. Kazi safi. Akapitisha ekseli, akazungusha gurudumu kwa kidole, halikwenda. Akalizungusha kwa mkono mzima, likaenda kwa shida, linalia kwii. Na mashindano ni keshokutwa. Machozi yakamlenga, na ninyi na mimi tunajua hayakuwa machozi ya gari tu. Akaichomoa ekseli, akachukua kipande cha msasa, akakiviringisha, akasogeza ncha yake kwenye tundu la bushi ili alisage lipanuke.

Cherehani ikasimama.

"Weka msasa chini," mama akasema.

"Imekaza, mama. Haifai."

"Imekaza kwa sababu ni mpya. Nani kakwambia kipya hakifai? Ukiipitisha msasa leo itazunguka vizuri sana, utafurahi, na Jumamosi itakuwa inacheza kama ile ya plastiki uliyoitoa. Lete hapa."

Wapendwa, fundi ni fundi. Mama alikuwa amemkasirikia yule binti, hilo halikuwa limebadilika, lakini hakuweza kuketi anatazama shaba nzuri inaharibiwa mbele ya macho yake. Akachukua kikopo cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu. Tone moja huku, tone moja kule. Binti akataka kuongeza, mama akamshika mkono, akamwambia mafuta mengi hukusanya mchanga. Wakairudisha ekseli, wakaliweka gari juu ya tofali, magurudumu yakiwa hewani.

"Sasa liwashe, polepole kabisa. Lisipande kitu, lisibebe kitu. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Mimi mashine mpya naiendesha asubuhi nzima bila uzi wala kitambaa, ndipo naipa kazi."

Magurudumu yakaanza kuzunguka, yanalia. Baada ya muda mama akasema simamisha. Wakaichomoa ekseli, mama akafuta kwa kipande cha kitenge, kikatoka cheusi, kina chembechembe za shaba zinang'aa.

"Unaona? Inajisaga yenyewe, na inasagika pale tu panapokwaruza. Msasa haujui panapokwaruza, unakula kote."

Tone lingine, zungusha tena, futa tena. Kazi ya namna hiyo huwezi kuiacha ukaondoka, na huwezi kuketi nayo saa nzima ukiwa bubu. Mama akauliza, hivi kule kwenu kila kitu lazima nazi? Binti akasema alilelewa na bibi yake, na bibi alikuwa akipika hivyo. Ile mbuzi ya kukunia nazi aliyokuja nayo ilikuwa ya bibi. Bibi alifariki mwezi mmoja kabla ya harusi.

Mama hakuwa analijua hilo. Miezi mitatu mbuzi ile iko jikoni kwake, na hakuwahi kuuliza ni ya nani.

"Mama," binti akasema, "itachukua muda gani mpaka iache kulia?"

"Haina saa hiyo. Mwenye haraka asishike shaba. Iwe leo, iwe wiki, unaisubiri. Huwezi kuitupa bushi nzima eti inalia, na yenyewe bado inazoea."

Binti akakiacha kidole kwenye rimoti. Kisha akasema taratibu, bila kumtazama, "Mimi nina miezi mitatu, mama. Jumapili nitakuwa bado sijaacha kulia."

Mmesikia? Angejibu nini mama huyu? Hukumu ameitoa mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, na kikopo cha mafuta amekishika. Akakitazama kile kipande cha kitenge chenye chembe za shaba. Akamtazama mkwewe. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na katikati ya kicheko akawa analia, akamvuta binti kifuani akamwita mwanangu, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu siku ya harusi. Wakalia na kucheka pale mkekani, magurudumu yanazunguka juu ya tofali. Na hakuna hata mmoja wao anayeweza kukwambia bushi ziliacha kulia saa ngapi.

Jumamosi gari lilipita jiwe la tatu. Likapita la nne, likapita la tano, la sita likapinduka chali, likawa la pili. Vigelegele vya mama vilisikika mpaka chini barabarani. Na Jumapili mjomba akafika na koti lake na uso wa kikao, akakuta watu wanaandaa sahani.

"Kesi iko wapi?" akauliza.

"Kaa ule kwanza," dada yake akamwambia.

Ilikuwa sato wa nazi. Mjomba alikula sahani mbili, akaramba vidole, akasema kesi hii ni nzito, haiwezi kwisha leo, atarudi Jumapili ijayo kuisikiliza. Na ule mkasi, kama mnauliza, ulirudi chini ya kitambaa. Binti mwenyewe ndiye aliyeurudisha.

Mnafurahi. Furahini, ni vizuri, lakini sasa tuje kwetu sisi.

Tangu Pasaka tumepokea humu ndani familia kumi na moja kutoka zile nyumba mpya za ng'ambo ya barabara kubwa. Wanapiga makofi mahali ambapo sisi tunainamisha vichwa. Wanaomba kwa sauti, wote kwa pamoja. Wameketi kwenye benchi ambalo Mzee Bulugu ameliketia tangu mbao zake zikiwa mbichi. Tumesikia kwii, hatujasikia? Tumesikia. Na je, kuna mmoja wetu aliyekwisha kuwauliza walikotoka walikuwa wakiimba na nani, na wamemwacha nani kule? Hilo ndilo tone la mafuta, jamani. Halina ugumu wowote. Ni kuketi na mtu mpaka ujue ile mbuzi ya kukunia ni ya nani.

Baada ya ibada hii kuna kikao cha wazee wa kanisa. Ajenda ya tatu inasema hivi: "Wageni wapewe ibada yao, saa tisa alasiri." Mnadhani nani aliiandika? Niliiandika mimi, mchungaji wenu, kwa kalamu hii iliyo mfukoni. Kwa hiyo msipepese macho kumtafuta mwenye kosa, msasa ulikuwa mkononi mwangu. Tangu juzi mfano huu unanisumbua, na leo nimekuja kuuweka msasa chini mbele yenu.

Ajenda ya tatu nimeifuta. Kikao kiko palepale, ila kila mtu aje na sahani, maana akina mama wa ng'ambo ya barabara wamepika, na harufu iliyonifikia ofisini ni ya nazi. Sasa tusimame. Wimbo wa leo wataanzisha wao, na watakapofika pale pa makofi, Mzee Bulugu, na wewe piga.