Msumari Mmoja wa Bwaloni

Sogezeni viti, na mwenye simu aizime kidogo. Nina kesi ya mpira, na mimi imenishinda.

Chuo cha Ualimu Mlimasita kina msumari mmoja kwenye ukuta wa bwalo. Aliupigilia Mwalimu Sikitu mwaka alioanzisha timu ya wasichana. "Siku tukileta kombe," alisema, "jezi moja itatundikwa hapa, na kila mgeni wa chuo ataambiwa ni ya nani." Basi wakafungwa mwaka ule, wakafungwa na mwaka uliofuata, wakafungwa mpaka wapishi wakaanza kuutamani ule msumari watundike aproni. Mwalimu Sikitu alikataa katakata.

Sasa wapo wasichana watatu. Mwajabu ana mdomo, Nyamizi ana mikono, Kabula ana miguu.

Mwajabu ndiye nahodha. Wachezaji walipopungua, mkuu wa chuo alitaka uwanja ulimwe maharage. Mwajabu alimbembeleza mkuu, kisha akaenda kwa wasichana wa netiboli, akawasema, akawachekesha, akawaleta. Katika kuwafundisha kukaba, goti lake likaumia. Daktari akamwambia mpira basi. Siku ya fainali alikaa benchi, jezi mwilini, machozi karibu.

Nyamizi alitoka huko kwenye netiboli, wakampa goli. Kupiga mpira kwa mguu hajui mpaka leo. Lakini akiudaka, umedakwa.

Kabula hukimbia mpaka mabeki wanamwonea haya. Kasoro yake ni ualimu, umemwingia kupita kiasi. Dakika za mwisho, timu zikiwa sare, alikuwa amerudi kukaba, akaona mpinzani ameotea. Mwingine angepiga kelele. Yeye akanyoosha kidole, kama darasani, asubiri refa amruhusu kusema! Mpira ukapigwa, ukamgonga mkono huohuo, ndani ya boksi.

Penalti.

Kabula hakuweza kutazama. Aliondoka akilia, akaenda kusimama karibu na mstari wa kati, bado upande wa timu yake, mgongo kwa goli lake.

Nyamizi akamtazama mpigaji kiunoni, kama walivyozoea netiboli, akaruka kushoto, akaudaka. Na kwa kuwa kwenye netiboli ukishika mpira hukai nao, hata hakufikiri. Aliurusha papo hapo kwa mkono, mbali, juu ya vichwa vya watu wote.

Mwajabu akasimama kwa mguu mmoja pale benchi. "Kabula, geuka! Kimbia, utalia baadaye!"

Kabula akageuka, mpira huo, akakimbia nao huku kamasi zinamtoka. Akafunga. Refa akamaliza.

Jioni ile bwaloni pilau lilipoa, hakuna aliyekula. Mwalimu Sikitu, sasa amestaafu na anatembelea fimbo, aliweka jezi tatu mezani.

"Yangu iondoe, Mwalimu," Kabula alisema. "Mimi ndiye niliyeleta balaa."

"Na nani akalifuta?" Nyamizi akamjibu. "Mimi nilirusha tu. Wa kufunga ni wewe, na aliyenitoa netiboli ni Mwajabu."

Mwajabu aliikunja jezi yake. "Yangu haijaona hata tope." Alisema hivyo, lakini macho yalikuwa kwenye msumari. Wenzake wawili watacheza tena mwakani. Yeye hatacheza tena, na aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Namwonea huruma, sifichi.

Msiniambie wapigilie misumari mitatu, wala wazishone jezi pamoja. Mwalimu Sikitu alishaambiwa hayo, akasema, "Mwalimu anayeogopa kusahihisha akafanye kazi nyingine." Fimbo kaiegemeza ukutani, mkono kaunyoosha juu ya meza, na bwalo zima linautazama.

Haya, wanangu, nyoosheni vidole, maana hapa hakuna penalti. Mkono ule ushike jezi ya nani?